Meneja Alitaka Nimfasirie

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na hasira yake bado nnayo. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja huku ng'ambo, upande wa Bustan, mtandao ndio kwanza unaingia maofisini. Meneja akaniita, akanigeuzia kompyuta yake. Kwenye ukurasa wa Wakenya walioko ughaibuni palikuwa na maneno ya Mercy, msichana wetu wa kufua mashuka, na picha yake kavaa sare ya hoteli. Meneja hakujua Kiswahili. Alitaka nimfasirie, kisha akanidokeza kuwa nafasi ya msimamizi wa mapokezi iko wazi.

Nikasoma kimoyomoyo. Mercy aliandika kwamba wali wa wafanyakazi unanuka, na wakilalamika hutishiwa kurudishwa kwao. Kweli tupu! Mgeni hakumtaja, siri ya kazi hakutoa. Lakini viza yake ilikuwa mikononi mwa hoteli, na neno langu moja lingempandisha ndege.

Nikaomba nifikirie mpaka kesho. Nyumbani Sidab nikamweleza mama, nikitaraji atanionea huruma. Wapi!

"Ufikirie nini, Zuwena? Mtu anakwambia umchongee mwenzio, wewe unaomba muda? Jibu ulikuwa nalo palepale. Mbona hukumpa?"

Asubuhi nikaingia kwa meneja bila kuitwa.

"Kiswahili nnakijua, nimelelewa nacho," nikamwambia. "Lakini sikufasirii."

Akamwita Khamis wa jikoni, mzaliwa wa Unguja. Khamis akasema Kiswahili kimemtoka zamani. Bi Salma wa uhasibu akadai anajua kuhesabu mpaka kumi tu. Hoteli imejaa watu wa Unguja, ghafla hakuna anayejua hata kusema karibu! Usimamizi akapewa mwengine, na wala sikujuta. Mercy alimaliza mkataba wake, akaondoka kwa hiari yake.

Sasa wewe waniambia bosi wako anataka umpelekee wanayoyaandika wenzio mtandaoni. Mwanangu, fika kazini mapema, fanya kazi yako vizuri, siri za wateja zitunze. Hayo wameyalipia. Kuwachungulia wenzio hawakukulipia, na wakitaka kukulipa, kataa. Wala usiombe muda wa kufikiri kama mimi. Kesho asubuhi mtazame usoni, umwambie hapana.

Mungu akupe riziki isiyokuinamisha kichwa, na akujaalie wenzio wasinyamaze kila ukiingia. Amin.