Ukuta wa Bibi Somoe Ulivyohema

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkisikia kwa Shaibu ataongeza mambo: ndiyo, mimi ndiye yule mwanafunzi wa Mkunya aliyewatia watu mbio kule bondeni mchana kweupe, na ndiyo, wa kwanza kukimbia nilikuwa mimi.

Kwanza muelewe kwamba sisi watu wa Mkunya, huku juu mlimani, maji tunayajua kwa ndoo. Mtu wa Mkunya akiona maji mengi sehemu moja anauliza foleni inaanzia wapi. Kwa hiyo Mjomba Bakari, anayelima mpunga kule bonde la Ruvuma, alipopiga simu kwamba mto unapanda na wanataka vijana wa kujitolea kujaza magunia ya mchanga, mimi nilijitolea kabla hajamaliza sentensi. (Msinisifu. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama alikuwa ameshanionyesha mstari wa mikorosho ya kupalilia.) Nikamvuta na rafiki yangu Shaibu, tunayesoma naye kidato cha tatu, tukateremka mteremko mpaka magoti yakawa yanacheza yenyewe.

Kitu cha kwanza kilichonitisha ni ukimya. Mimi nilidhani mafuriko yana kelele, kumbe wapi. Mvua ilikuwa imenyesha huko mbali mto unakotoka, pale bondeni jua linawaka, mbingu nyeupe, hakuna upepo, na maji yanapanda tu taratibu kati ya mashina ya mpunga kama mtu anayeingia chumbani hataki kukuamsha. Ndege hakuna. Hata vyura hakuna. Unachomeka kijiti ukingoni mwa maji, unakunywa chai, ukirudi kijiti kimo ndani.

Mjomba akatupanga wawili wawili. Mimi na Shaibu tukapewa shamba la Bibi Somoe, mjane, mumewe Mzee Nangumbi alikuwa amezikwa wiki tatu tu zilizopita. Shamba lake lina majaruba matano, mpunga umeshabeba, na chakula chake cha mwaka mzima ni hicho, hana kingine. Pembeni kuna mfereji wa zamani uliopasua tuta, na maji yakipita pale basi.

"Magunia kumi hapo kabla ya adhuhuri," Mjomba akasema. "Na wewe, midomo ifunge, mikono ifungue."

Tulijaza gunia moja. Moja! Mchanga uko mbali, umelowa, mzito kama dhambi, viganja vikatoka malengelenge. Ndipo tukatumwa kwa Bibi Somoe kuchukua magunia matupu zaidi, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mwenyewe hakuwepo, na uani kwake kibanda cha msiba kilikuwa bado kimesimama, makuti juu, pembeni wazi, kinangoja arobaini ndipo kibomolewe. Na ndani yake, mfululizo, magunia tisa ya katani, yale yale ya korosho, yamejaa nusu na kushonwa mdomo vizuri.

"Waliojaza mchanga jana wameacha mzigo wao," nikamwambia Shaibu.

"Una uhakika?"

"Sasa nani mwingine ana shida ya kushona magunia wiki hii?"

Tukabeba. Shaibu akaanza kunung'unika, "Mbona mepesi?" Nikamwambia mchanga uliolala kivulini hukauka, fizikia wewe uliikimbia. (Mimi fizikia nimepata kumi na tisa. Kati ya mia.) Ukweli ni kwamba nilisikia kabisa mle ndani vitu vinaviringika, lakini mtu mvivu akipata bahati haichunguzi. Saa sita tukawa tumemaliza, ukuta umesimama, na Mjomba akaja akautazama, akanitazama, akasema mbele ya watu wote, "Leo huyu mpuuzi kafanya kazi." Nikatembea kifua mbele saa tatu nzima.

Alasiri maji yalifika kwenye magunia, yakakaa hapo. Tulikuwa watu kama thelathini tumepumzika juu ya tuta. Ndipo sauti ikaanza.

Ilianza ndogo. Nyiiiii. Kama mlango wa mtu asiyetaka kusikika. Ikanyamaza. Halafu ta! kitu kikakatika. Halafu nyiiiii tena, ndefu, inatoka kwenye ukuta wetu, na mbele ya macho yetu magunia yakaanza kuvimba, taratibu, moja linamsukuma mwenzake, na mapovu yanapanda majini mbele yake, puu, puu, puu.

Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Nangumbi anahema."

Basi. Hakuna aliyecheka. Pale ni shambani kwake, arobaini haijafika, na ule mfereji aliuchimba kwa mikono yake. Mjomba Bakari, mtu aliyewahi kumfukuza nguruwe pori kwa kandambili, akavua kofia. Gunia likanguruma. Mimi nikawa nimeshaondoka, sikumbuki kuamua, nilisikia tu upepo masikioni na nyuma yangu miguu ya watu thelathini, majembe yanatupwa, mtu analia jina la mama yake.

Nilisimama kwenye kichuguu, nikageuka. Kwenye tuta alibaki mtu mmoja tu, Bibi Somoe, anatembea polepole kuelekea kwenye ukuta. Nikasema bibi wa watu kachanganyikiwa. Nikainama kukung'uta matope, nikaona kitu kimenata juu ya mguu wangu, kimenona kama kupe aliyeshiba. Nikakibana. Kikapasuka. Mbaazi.

Jamani! Magunia tisa. Kibanda cha msiba. Ndugu walikuwa wameleta mbaazi za kulisha watu siku ya arobaini, na wameziacha wazi kwa sababu hakuna binadamu anayeiba kwenye kibanda cha msiba, hata wezi wenyewe hawathubutu. Na sasa zilikuwa zimelowa, zinavimba, zinakata uzi mshono kwa mshono, na watu wa kujaza mchanga wapo nusu ya njia kwenda kwao. Nikinyamaza, Mzee Nangumbi anabaki na lawama na shamba linakwenda. Nikisema, mnajua wenyewe.

"Si mzimu!" nikapiga kelele. "Ni mbaazi! Ni mimi!"

"Nyamaza wewe!" Mjomba akafoka kutoka mbali. "Hata maiti unaifanyia mzaha?"

Ndiyo faida ya kuwa mchekeshaji miaka mitatu mfululizo. Nikarudi peke yangu. Ukuta ukawa unasogea chini ya kiganja changu, nawaapia, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, na mimi ninayejua kilichomo ndani bado niliuvuta mkono. Nikachukua panga nikapasua gunia la kati ili waone. Wakaona. Mbaazi zikamwagika kama matapishi, watu waliokuwa wamesimama kutazama wakasema "Haaa!", na mimi hapo ndipo nilipogundua kwamba nimetoboa ukuta.

Maji yakaingia kwa nguvu. Sikuwa na akili nyingine, nikakaa. Nikajibana kwenye tundu kwa mgongo, mbaazi zinajaa shati, zinaingia masikioni, na nikakaa hivyo kama kizibo huku kijiji kizima kinarudi kujaza mchanga wa kweli, na kila anayepita na gunia ananiambia "Pole, Mzee Nangumbi." Majaruba mawili ya chini yalikwenda. Matatu yalibaki.

Kesho yake asubuhi nikapelekwa kwa Bibi Somoe. Alikuwa ametandaza mbaazi zilizookolewa kwenye turubai, nyingine zimeshaanza kuota.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Nikaomba msamaha wa mbaazi. Akasema mbaazi zitapatikana, na kama hazikupatikana watu watakula ugali kwa kisamvu. Nikaomba msamaha wa majaruba. Akasema mto hauna adabu, wala si kosa langu lote. Nikaanza kufurahi.

"Lakini wewe mtoto," akasema, anageuza mbaazi kwa kiganja, "pale waliposema anahema, mimi niliamini. Alikufa ghafla, nilikuwa kisimani. Kuna neno nilitaka kumwuliza. Nilikuwa nimebakiza hatua chache tu, wewe ukapiga kelele."

 Nikachuchumaa, nikaanza kugeuza mbaazi upande wa pili wa turubai, na tuligeuza mpaka jua likawa kichwani.

Basi nimeapa. Gunia lililoshonwa siligusi mpaka nijue la nani. Na ningeapa pia kwamba siku nyingine nitanyamaza, nimwache bibi amalize hatua zake, lakini yale majaruba matatu yaliyookolewa na kelele zangu yamevunwa juzi, na mpaka leo sijui ningefanyaje.