Bata wa Mabua wa Marlhanger

Kila asubuhi, akishaandaa mayai na soseji mezani, Dulcie Habgood aliwaelekeza wageni wa gesti yake pa kwenda kutembea. Wenye miguu imara aliwatuma Shaftesbury, wakapande mtaa wa mawe unaokata pumzi. Wenye watoto aliwatuma Sturminster, kwenye kinu cha mtoni. Waliosema wameshaona vyote aliwatuma Marlhanger, maili nne ng'ambo ya kilima, wakatazame tausi wa mabua ya ngano juu ya paa la nyumba ya mwisho.

"Alifumwa na marehemu mume wangu," alikuwa akisema. "Wilf hakuezeka nyumba asiweke tausi juu yake. Ndiyo iliyokuwa sahihi yake."

Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Marlhanger. Watu wa Ebbercombe wakatafute nini huko? Mkate wanao, kanisa wanalo, na bia yao ni nzuri zaidi. Wageni nao walirudi jioni wakisema, "Tausi mzuri kweli," basi yakaishia hapo.

Mpaka Jumatatu moja ya Juni, alipokuja Bi Oakshott. Huyu alifundisha shule miaka arobaini, na kosa halimpiti. Alirudi na matope hadi magotini.

"Bibi Habgood, umetudanganya. Yule si tausi."

"Ni nini basi?"

"Bata bukini. Shingo ndefu, mdomo wazi, na kavaa aproni."

Birika la chai likasimama hewani. "Mbona wenzako wote walisema tausi?"

"Adabu, Bibi Habgood. Adabu itaiua nchi hii. Lakini kama unataka kumwona, wahi. Kesho fundi anafumua mgongo wa lile paa."

Dulcie akakaa kitini. Mtu mmoja tu duniani Wilf alimwita bata: Dulcie mwenyewe, kila alipomgombeza. Na paa lile aliliezeka miaka kumi na moja iliyopita, kiangazi ambacho hawakusemeshana wiki tatu, kwa kuwa Wilf alichukua kisu cha mkate cha Dulcie akakitumia kukatia mabua. Kumbe alikwenda kumchora mkewe juu ya paa la watu, domo wazi! Na mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, amekuwa akiwatuma wageni wakamtazame. Alikuwa ananidhihaki? Swali hilo halikumwacha hata alipofunga aproni asubuhi.

Siku hiyo wageni walikuta mikate, siagi na kikaratasi: "Mayai yapo. Moto mnaujua." Dulcie alikuwa keshapanda basi la Jumanne.

Huko Marlhanger fundi, mwanamke wa makamo aitwaye Hetty Crumpler, alikuwa tayari juu ya ngazi na mkasi wake. Chini alisimama mwenye nyumba, mzee Pitfield, mikono mfukoni.

"Mimi ni mke wa Wilf," Dulcie alisema.

"Umechelewa, mama. Miaka kumi na moja!"

"Nilikuwa na wageni. Niambie kweli, mzee. Alikuwa ananicheka?"

Pitfield akakuna kidevu. "Mimi nilimwomba tausi, kama wenzangu. Akakataa. Akaniambia, 'Nyumbani sisemeshwi, bwana. Angalau huyu nizungumze naye.' Basi kazi ya siku moja ikachukua siku tatu. Yuko juu anamsimulia bata habari za kisu."

"Alimwambia nini?"

"Kwanza alijitetea. Siku ya pili akapunguza. Siku ya tatu nikamsikia anaomba radhi. Anasema, anasita, anaanza upya. Nikamwuliza, 'Wilf, unasali?' Akanijibu, 'Nafanya mazoezi.'"

Dulcie akaikumbuka Ijumaa ile ugomvi wao ulipokwisha. Wilf, mtu asiyeweza kuunga maneno mawili, alisimama mlangoni na kisu kipya, akaomba radhi kwa ufasaha wa kasisi. Dulcie alimsamehe, lakini siku zote alijiuliza: aliyatoa wapi maneno yale?

"Mjinga wee," alimwambia yule bata, na macho yakamlowa.

"Jamani, huyu nimtupe?" Hetty aliita kutoka juu. "Kaoza ubavu. Na mpya awe nani?"

Pitfield alimtazama Dulcie, akajikaza kiungwana. "Aseme mama."

"Tausi," Dulcie alisema. "Mzee wa watu kasubiri vya kutosha. Bata nipe mimi."

Alimtazama Hetty akimfuma tausi mpya, kisha akarudi na basi la saa tisa, bata mweusi kwa mvua za miaka akiwa mapajani, mabua yakidondoka. Dereva akamtania, "Huyo naye anashukia Ebbercombe?"

"Anarudi kwake," Dulcie alijibu.

Wiki iliyofuata wageni wapya walimwuliza mahali pa kwenda. Aliweka soseji mezani, akajifuta mikono.

"Nendeni Marlhanger. Kuna tausi wa mabua juu ya nyumba ya mwisho." Kisha akaongeza, kwa fahari ambayo hawakuielewa: "Nimemwona mwenyewe."