Ombi Nililolisoma Peke Yangu

Kundi letu la wachangiaji damu lilikuwa la barua pepe tu. Ukiwa na mgonjwa, unaandika ujumbe mmoja na unamfikia kila mwanachama. Mimi ndiye niliyeliua. Nilikuwa na ofisi Westlands, mtandao mezani, na kiburi cha mtu anayedhani kila mwenzake anacho alicho nacho yeye. Nikajenga tovuti yenye jukwaa, nywila na picha. Wazee wa kundi walilalamika kwamba barua inawafuata walipo, ila tovuti ni lazima waifuate wao. Niliwaona washamba. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikalifunga kundi la zamani.

Miezi minne baadaye dada yangu alijifungua kwa upasuaji, damu ikawa haikomi. Damu yake ni ya kundi adimu. Daktari alituambia tutafute watu siku hiyo hiyo. Nilikimbilia ofisini nikaweka ombi jukwaani, mahali panapostahili, kwa kanuni nilizoandika mwenyewe. Chini yake palikuwa na hesabu ya waliolisoma: mmoja. Ni mimi. Kufika jioni hesabu haikuwa imesogea, nikalia mbele ya wafanyakazi wenzangu bila haya.

Asubuhi nilikwenda Hurlingham kwa mama mmoja karani wa ofisi moja ya huko, mwanachama wa tangu mwanzo, nikamuuliza wachangiaji wamepotelea wapi. Akanionyesha ubao wa matangazo kando ya meza ya chai.

"Hao wengi hawana kompyuta," akasema. "Email ikikuja, mimi naprinti nabandika hapa. Mawochi wanaolinda hizi nyumba na mafundi wa hii barabara wanapita kusoma. Hiyo website yako ilinishinda, password ilikataa. Nikadhani mmechoka na sisi."

Karatasi ya mwisho ubaoni ilikuwa yangu. Ilisema kuwa maombi hayatatumwa tena kwa barua pepe, na asiyejisajili asimlaumu mtu.

Hakunisuta, na afadhali angenisuta. Alifungua barua pepe zake za zamani, akaokota anwani moja moja, akawaandikia wote. Kisha akabandika ombi ubaoni na kushuka barabarani kuwaita aliowajua kwa sura.

Watu watatu walifika hospitalini saa nane mchana. Dada yangu alikuwa amefariki saa sita. Nilipowaambia, hawakugeuka kurudi. Waliingia wakatolewa damu kwa ajili ya wagonjwa wengine. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa nyumba Hurlingham, bado na sare yake. Alipotoka, pamba ikiwa mkononi, aliketi karibu nami kwenye benchi.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Lakini si ungetuandikia mapema?"

Nilimjibu kwamba nilichelewa kidogo.