Ukuta wa Mama Masizi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, kulikuwa na nyumba moja tu ambayo hatukuipita bila kuficha nyuso zetu. Ilikuwa ya mabanzi, imekandikwa udongo kwa ndani, kwenye kona ya shamba la mahindi la tajiri mmoja aliyeishi mjini, mtaa wa Elgon View, na kuonekana kwetu wakati wa mavuno tu. Kituo chetu cha biashara sitakitaja. Kiko upande wa Turbo, na walioishi hapo wakati ule watakijua mara moja.

Mwenye nyumba hiyo alikuja kutoka magharibi kuvuna mahindi. Wenzake walirudi kwao, yeye akabaki. Hakuwa na mume wala mtoto tuliyemjua. Tulimwita Mama Masizi kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyeusi siku zote, hata Jumapili. Alikuja dukani kununua chumvi na mafuta ya taa, akaondoka bila kuuliza habari za mtu, na hakuna aliyewahi kukaribishwa kwake. Lakini alikuwa na tabia ya kusimama kando ya barabara na kumkazia mtu macho, muda mrefu kuliko ilivyo adabu, huku kidole chake kikitembea polepole juu ya paja.

Nyanya yetu, ambaye tulimwita Kogo, alikuwa na maelezo ya kidole hicho.

"Anachukua sura," alisema. "Mtu akichukuliwa sura hakai. Ataondoka, ama ataondolewa."

Kwa hivyo tukifika karibu na kona ile tulivuta sweta za shule mpaka zikafunika vichwa, tukatembea tukitazama miguu yetu. Leo nina kazi ya ofisini mjini Eldoret, na nikiona mtu ananielekezea simu kunipiga picha, bado nageuza uso. Wenzangu hudhani ni maringo.

Rafiki yangu wa kuficha uso naye alikuwa Shiku. Tulikaa dawati moja. Babake alikuwa na kinu cha kusaga unga pale kituoni, mtu wa mzaha, kope zake nyeupe kwa unga kuanzia asubuhi hadi jioni. Wiki chache kabla ya ule uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili na saba, nilienda kusagisha mahindi na Kogo. Mama Masizi alikuwa amesimama mlangoni pa kinu, hana debe wala gunia, anamtazama tu Baba Shiku.

"Mama, kwani nafanana na ndugu yako?" Baba Shiku akamuuliza akicheka.

Kidole cha Mama Masizi kilikuwa kinatembea pajani. Kogo alichukua unga wetu kabla haujapoa na kunishika mkono, tukatembea haraka mpaka tulipopita kanisa.

"Yule ameshachukuliwa," akasema. "Usimwambie Shiku."

Sikumwambia.

Yaliyofuata uchaguzi, watu walipowageukia majirani wa kabila la akina Shiku, yanajulikana, na kila mtu wa huku kwetu ana yake. Yangu ni haya. Siku chache baada ya matokeo kutangazwa, moshi ulionekana upande wa kituo kabla ya saa sita mchana. Baba alivaa koti lake refu na kofia, akasema anaenda kuhamisha ng'ombe. Mama alimwambia ng'ombe wako zizini tangu jana. Baba alitoka tu. Sisi tulifungiwa ndani pamoja na Kogo, tukinusa harufu ya unga unaoungua, harufu inayofanana sana na ya mandazi, na nakumbuka kwa aibu kwamba nilihisi njaa.

Baba alirudi jua likielekea kutua. Kwa kawaida mama ndiye aliyempelekea maji. Siku hiyo alichota mwenyewe, akaosha miguu na mikono kule nyuma ya zizi, kwa muda mrefu, kisha akaja mezani na kuomba sala ya chakula kwa sauti yake ya kila siku. Baba alikuwa mzee wa kanisa.

Kesho yake Baba Shiku alipatikana amekufa nyuma ya kinu, katikati ya mabua. Mkewe na Shiku walikuwa wamekimbia kwa lori hadi kambi ya wakimbizi mjini. Shule ilipofunguliwa nilikaa dawatini peke yangu.

"Nilisema," Kogo alinong'ona.

Na wengi walisema hivyo hivyo. Sikumsikia mtu mzima hata mmoja akiuliza ni nani aliyempiga. Walisema Mama Masizi alimchukua. Nikikumbuka sasa naona jinsi jibu hilo lilivyowafaa watu wengi, lakini wakati ule nililiamini, na nikazidi kuogopa. Yeye mwenyewe hakuguswa. Hakuna kijana aliyethubutu kuvuka ua wake.

Miaka mitatu ikapita. Wakati wa mvua, watu wakagundua kwamba moshi haujaonekana kwenye nyumba ile kwa siku tatu. Mzee wa mtaa akavunja komeo la mlango, akaona miguu kitandani, akarudi nyuma bila kuingia zaidi. Akasema hiyo ni kazi ya akina mama. Kogo akaitwa, pamoja na jirani yetu Mama Tirop, ili wamwoshe. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nikaambiwa nibebe maji. Wanaume walibaki nje wakichimba kaburi.

Ndani kulikuwa na giza mpaka Mama Tirop alipofungua kidirisha. Tukasimama.

Kuta zote zilikuwa watu. Alikuwa amezikandika kwa udongo laini, akachora kwa makaa, jivu na udongo mwekundu, kuanzia sakafuni hadi kwenye bati. Kituo chetu chote kilikuwemo. Fundi viatu alikuwa ameshika uzi kwa meno. Wanawake walitoka kukamua. Mtoto wa mwalimu mkuu alikuwa na kamasi zake. Nilijiona mimi na Shiku, sweta vichwani, na chini ya sweta alikuwa amechora nyuso zetu zikicheka, kana kwamba kile kitambaa hakikuwahi kumzuia kutuona. Kogo naye alikuwepo, na masikio yake yaliyotobolewa kizamani. Alijitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akihesabu miaka aliyoishi tangu achukuliwe.

Marehemu alilala katikati ya hayo yote, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Chini ya mto kulikuwa na kitambulisho. Aliitwa Rasoa Nafuna. Hilo jina sikuwahi kulisikia likitamkwa.

Mama Tirop ndiye aliyefunga mlango ili tuanze kazi, na hapo ndipo tukaona ukuta uliokuwa umefichwa nyuma yake. Kinu kilikuwa kinawaka. Baba Shiku alikuwa chini. Wanaume watano walimzunguka, na hawakuwa watu wa kubahatisha. Yule mama alijua namna kila mmoja wetu anavyosimama. Baba Tirop alikuwa na rungu. Wa tano alivaa koti refu na kofia, bega la kushoto limeinama kidogo, na mguu wake ulikuwa juu ya mkono wa mtu aliyelala.

Mama Tirop alikaa chini polepole. Nje, majembe yaliendelea.

"Kogo," nikasema, "huyo ni baba."

"Nyamaza."

"Kogo, alisema alienda kuhamisha ng'ombe."

Aliniangalia. Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka hivyo. "Baba yako ana watoto sita," akasema. "Nenda kwa wale wanaochimba, uwaambie tunataka udongo wa kukandika sakafu. Chukua na kinyesi cha ng'ombe. Usimwambie mtu kitu."

Nilienda. Nilibeba karai la udongo uliotoka kaburini mwa mwanamke yule, tukaukoroga kwa maji niliyoleta ya kumwoshea. Kogo alianza juu, kwenye kofia. Mama Tirop akashughulikia mumewe. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mfupi, niliambiwa nianze chini, alipolala Baba Shiku. Aliyechora alikuwa ameacha kope zake nyeupe, rangi ya jivu. Nilifumba macho nikapaka. Udongo ulikuwa baridi. Tulipomaliza ukuta ule, Kogo akasema tumalize zote, ili usionekane mmoja tu una unyevu.

Ndipo tukamwosha marehemu, wanaume wakaja, akazikwa kwa wimbo mmoja. Baba ndiye aliyeomba kaburini. Kogo alisimama pembeni na hakusema amina. Mwaka uliofuata mwenye shamba aliibomoa nyumba na kupanda mahindi juu yake.

Kogo alifariki bila kulitaja jambo hilo tena. Baba nilimzika nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilimpenda, na hilo silifichi. Miezi michache baadaye Shiku alinipata kwa simu. Tukakutana kwenye hoteli ndogo karibu na nyumba ninayopanga, mtaa wa West Indies. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa kuongea. Tulizungumzia shule, kisha akauliza bila kuniangalia.

"Jep, huko kwenu hakuna mtu aliwahi kusema aliona?"

Nikamwambia kila kitu. Nilitaja wanaume wanne. Wa tano nilimtaja kwa majina yake yote matatu.

"Na hiyo ukuta uliiona lini?" akauliza.

"Nikiwa na miaka kumi na tatu."

"Umenyamaza miaka kumi na nne," akasema. "Ukangoja azikwe."

"Ndio."

Alisimama, akavaa koti lake, akachukua mkoba. Nikajua ameondoka, na nikaona ni haki yake. Alifika mlangoni akasimama hapo, watu wakimpita wakiingia na kutoka. Kisha akarudi, akakaa bila kuvua koti.

"Picha zetu zote ziliungua kwa nyumba," akasema. "Sina hata moja yake. Sikumbuki pua yake, sikumbuki midomo. Huyo mama alimchora aje?"

Nikaanza kumweleza. Shiku alifumba macho akisikiliza. Nilimwambia paji la uso lilikuwa pana, mashavu yameingia kidogo, mdomo umefunguka kama wa mtu anayetaka kumalizia neno. Kila nilipofika penye pua nilikwama. Viganja vyangu ndivyo vilivyokuwa vya mwisho kuigusa sura ile, na nilikuwa nimefumba macho.