Maji Waliyoyapenda Ng'ombe

Shule niliiacha darasa la tatu nikafuata ng'ombe, na kisima changu hapa Sapiwi nilikichimbisha kwa hela ya pamba yangu mwenyewe. Mtaalamu hakunionyesha pa kuchimba. Ng'ombe ndio walinionyesha. Sisi wafugaji tunajua: wakilamba udongo wa mahali mpaka uwafukuze kwa fimbo, hapo chini kuna maji ya chumvichumvi, na wakiyanywa wananenepa. Nikasema chimbeni hapa. Maji yakatoka meupe, kijiji kizima kikaja na ndoo.

Na kwangu hatunywi maji hivihivi. Yanachemshwa mpaka yapungue sufuriani. Hiyo ni amri yangu.

Juzi akarudi binti wa maabara ya maji, yule aliyekuja kuchukua maji ya kupima. Akapiga goti, akanisalimia vizuri, halafu akasema maji yangu yamezidi madini ya floraidi. Ndiyo yanayotia meno ya watoto ukahawia, na mwisho yanapinda mifupa.

"Acha hizo, mayu, mama yangu," nikamwambia. "Meno haya ni ya ukoo wetu."

"Na watoto wa mwalimu aliyepanga hapo kwako, baba? Nao ni ukoo wenu?"

Binti mdogo ananihoji. Mimi!

"Sisi tunachemsha," nikasema.

"Ukichemsha unazidisha. Maji yanakwenda na mvuke, madini yanabaki kwenye sufuria."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Wajukuu wakubwa meno yao ndiyo hivyo tena, hayarudi. Lakini mdogo wao, huyu tunayelala naye, ya ukubwani bado yamo ndani ya fizi. "Huyo unaweza kumwokoa," binti alisema, "akiyaacha haya maji leo."

Hajamaliza, mtoto huyo hapo kwenye mtungi, ameshachota kikombe. Nilikinyakua, maji yakamwagika.

"Guku, babu, nina kiu!" Akaangua kilio.

Maisha yangu yote sijamnyima mtu maji. Nikabeba ndoo mwenyewe mpaka kwa jirani anayekinga mvua ya bati kwenye tangi.

"Ala! Mwenye kisima anaomba maji?" akacheka. "Pampu imekufa?"

"Pampu ni nzima. Jaza ndoo, mtoto ana kiu. Na mtoto wako usimtume tena kisimani kwangu."