Tata Wairimu Kwenye Mkunjo

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa jikoni akipika gundi ya unga wa ngano kwa ajili ya kazi ya shule, na ile harufu ya uji uliokaribia kuungua iliponifikia sebuleni, niliacha kila kitu. Nilikuwa napanga kurasa za jarida la muziki. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha hapa Nakuru: kuamua picha ikae wapi, kichwa kiwe kikubwa kiasi gani, maneno yaanzie wapi na yakome wapi. Lakini harufu ile ilinichukua ikanirudisha Gilgil moja kwa moja, na hapo kazi ikaisha kwa siku hiyo.

Nililelewa na Shosho, mamake mama yangu, katika nyumba ya mbao juu kidogo ya barabara kuu. Kama hujawahi kulala Gilgil mwezi wa saba, usiniambie unajua baridi. Upepo ulikuwa unapenya katikati ya mbao na mbao, unakutafuta mpaka chini ya blanketi. Kwa hivyo kila mwaka Shosho alipika sufuria nzima ya gundi na kubandika magazeti ukutani, mapya juu ya yale ya zamani, kuziba nyufa. Hakujali gazeti linasema nini wala limekaa vipi. Mawaziri wengine walisimama kwa kichwa, timu za mpira zililala ubavu, na tangazo la mbolea lilikata tangazo la kifo katikati. Mimi nilijifunza kusoma vichwa vya habari nikiwa nimepinda shingo, na hata leo ukiniletea ukurasa juu chini nitausoma bila kuugeuza.

Sasa, Shosho alikuwa na binti wa mwisho, Tata Wairimu, mdogo wake mama. Jamani, sauti ile! Akiimba huku anafua, wanajeshi waliokuwa wakirudi kambini walipunguza mwendo, ingawa Shosho alisisitiza kwamba walikuwa wakiangalia sketi, si kusikiliza wimbo. Alipomaliza shule alikataa kozi ya ushonaji aliyotafutiwa, akasema anaenda Nakuru kuimba na bendi hotelini. Yakazuka maneno. Mimi nilikuwa chini ya meza, kwa hivyo nilisikia yote.

"Nenda," Shosho alimwambia. "Lakini usikanyage hapa mpaka upate kazi yenye naweza kuonyesha watu."

Tata alichukua begi lake akaenda. Krismasi ikapita bila yeye, na nyingine ikapita. Jina lake likawa halitajwi mezani, na mimi ambaye nilikuwa nikisukwa nywele na yeye nililia mpaka nikachoka. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: arudi nyumbani.

Halafu jirani yetu, Mama Ciru, ambaye alikuwa akienda Nakuru kuuza viazi, akarudi siku moja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na jarida la muziki, jipya kabisa, bado linanuka wino.

"Wairimu amesema umwangalie kwa zile kurasa za katikati," alisema Mama Ciru akivuta kiti. "Ati sasa ako na kazi ya kuonyesha watu."

Wacha nikueleze jinsi kurasa zile mbili zilivyokuwa, kwa sababu ndizo zilizonifanya nilivyo. Juu, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, jina la bendi lilitandazwa kwa herufi za manjano, nono kama maandazi. Kushoto alikuwepo kiongozi wa bendi, mwanamume wa suti nyeupe, ameinamia gitaa. Shingo ya gitaa lake ilivuka ikaingia ukurasa wa pili, na jicho lako likaifuata bila kuulizwa. Kulia kabisa mpiga ngoma alikuwa anacheka, vijiti vyake vimeelekea kushoto. Maneno nayo hayakupanga foleni kama yale ya magazeti ya ukutani. Yalizunguka kiwiko cha yule wa suti, yakabanwa, yakapanuka tena, ungedhani yanacheza. Nilikuwa sijawahi kuona maneno yakifanya hivyo. Na chini, kwa herufi ndogo, majina ya wote. Tata alikuwa wa pili kutoka kushoto.

Tukamtafuta. Ai! Tulimtafuta. Alikuwa katikati, nyuma ya shingo ya gitaa, na katikati ndipo palipokuwa na mkunjo. Jarida lile halikupigwa pini mgongoni, lilipigwa kando, upana wa kidole kuingia ndani, na chochote kilichokaribia mkunjo kilimezwa. Upande wa kushoto tuliona jicho moja na kipande cha maikrofoni. Upande wa kulia tuliona sikio na hereni. Basi. Nilijaribu kupanua kwa kidole gumba, karatasi ikaanza kuchanika, Shosho akanipiga mkono.

"Kwani huko Nakuru anaimba na jicho moja?" akasema Mama Ciru, akacheka mpaka akashika mbavu.

Shosho hakucheka. Alikuwa amenawa mikono na kuvaa miwani ya kusomea Biblia, kitu ambacho hakukifanya kwa gazeti lolote. Akaivua. Akafunga jarida na kulitupa juu ya kabati. Jumapili akina mama wa kanisani walipomuuliza kama ni kweli Wairimu ametoka kwa magazeti, alijibu kwamba hajui, hakuona vizuri. Nilimwonea huruma, na yule mtu aliyepanga zile kurasa nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nafasi yote hiyo! Angemsogeza Tata kidogo tu kulia, huyo mpiga ngoma angekufa?

Baridi ikaja, na gundi ikapikwa. Mwaka huo magazeti yalikuwa machache, kuta za sebuleni zikayamaliza, na chumba cha Shosho kikabaki na nyufa wazi. Nikamwona anapanda kwenye stuli na kushusha jarida. Nilijua vizuri kwamba ukibandika karatasi, upande mmoja unaishi na ule mwingine unakufa, na nyuma ya picha ya Tata kulikuwa na tangazo zuri la mafuta ya nywele, la rangi, lenye mwanamke anayeonekana mzima.

"Shosho, usimbandike Tata! Tafadhali, Shosho!"

"Nyamaza, koroga gundi."

Akachukua kisu cha viazi na kung'oa pini kwa ncha, moja, halafu nyingine. Karatasi zikaachana. Aliichomoa ile ya katikati, akailaza mezani, akaupitisha mkono wake mzito juu ya mkunjo mpaka ukanyooka.

Na Tata akatokea. Mzima! Macho mawili, mdomo wazi katikati ya wimbo, tundu dogo la pini shingoni, na lile pengo la meno ambalo ni la Shosho mwenyewe. Na ndipo nilipoona kitu cha ajabu. Gitaa lilikuwa linamwelekea yeye. Vijiti vya ngoma, yeye. Maneno yale yaliyokuwa yakicheza yalikuwa yanampisha yeye. Kumbe yule mpangaji wa kurasa niliyemlaani hakumsahau hata kidogo. Alizijenga kurasa zote mbili kumzunguka, halafu mtu mwingine, mwenye mashine ya pini, akaja akamharibia.

Shosho alisimama hapo mpaka gundi ikaganda ngozi juu.

"Kumbe ako na macho yote mawili," alisema polepole.

Akageuza karatasi, akaupaka gundi uso wa yule mwanamke wa mafuta ya nywele, tena kwa furaha naona, akaingia chumbani. Hakumbandika Tata juu ukutani wala kwa ubavu. Alimbandika wima, chini kabisa, karibu na mto wa kitanda chake, akapangusa kila kiputo kwa kitambaa. Mimi nikaona huo ni upotevu wa picha. Mtu akisimama mlangoni haoni chochote.

"Shosho, si uweke sebuleni watu waone?"

"Watu gani?" akaniuliza, kana kwamba hajawahi kusikia habari za watu.

Wiki hiyo hiyo alimtuma Mama Ciru. Alisema amwambie Wairimu baridi ni kali, aje achukue blanketi lake. Na Tata akaja, adhuhuri ya Jumamosi, amevaa suruali, akasimama mlangoni bila kuingia mpaka Shosho alipomwambia anaingiza baridi. Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Wakaongea juu ya mahindi. Wakaongea juu ya ng'ombe wa Mama Ciru. Shosho akamwambia amekonda, Tata akasema ni kazi, na mimi nikaogopa kwamba atamaliza chai, achukue blanketi na kuondoka tena.

"Wairimu," Shosho akasema, "hebu niletee sukari chumbani kwangu. Iko chini ya kitanda, upande wa ukutani."

Kopo la sukari lilikuwa mezani, mbele yetu, kifuniko wazi.

"Lakini Shosho, sukari si hii ha..."

Nilifinywa paja mpaka nikaona nyota. Tata akaenda. Tulisikia akipiga magoti sakafuni, maana huwezi kuangalia chini ya kitanda kile bila kupiga magoti, uso ukielekea ule ukuta wa kando ya mto, halafu hatukusikia kitu kwa muda mrefu. Shosho alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Tata aliporudi mikono ilikuwa mitupu na macho mekundu.

"Sijaiona, Mami."

"Haidhuru," Shosho akasema, na kumwongezea chai. "Utalala hapa leo. Blanketi halijakauka."

Siku hiyo nilinuna. Niliona dunia imepinduka: mtu anatumwa sukari iliyo mezani, na anayesema ukweli ndiye anayefinywa. Ilibidi nizae, nigombane na binti yangu, na nijue jinsi neno moja dogo linavyoweza kukukwama kooni, ndipo nikaelewa. Shosho hakuwahi kumwambia mtu "nisamehe" maishani mwake. Siku ile alikuwa akisema, na mimi na mdomo wangu nusura nimkatize.