Darasa la Ng'ambo ya Maji

Asubuhi ile mwalimu alikuja ukingoni bila ubao. Sisi watoto kumi na mmoja tulikuwa tumeshakaa upande wetu wa maji, kwenye nyasi zenye umande, kila mtu na kijiti chake cha kuandikia matopeni. Tukamwona anashuka mteremko wa ng'ambo peke yake, viatu amevining'iniza shingoni kama kawaida yake. Akaweka viganja mdomoni, akaita. Alisema amehamishwa, anaondoka siku hiyohiyo na basi la Tororo, na mwalimu anayekuja mahali pake amekwisha kusema yeye hafundishi vyura.

"Barabara ikifunguliwa," akaita, "mwambieni mimi niliwafikisha kwenye hesabu za kugawanya. Asiwarudishe nyuma."

Halafu akageuka, akapanda. Mmoja wetu alifurahi, akasema leo tumepata likizo. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Shule yangu iliishia pale kwenye nyasi, na leo nina mvi.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, rafiki yangu, maana ukianzia hapo utafikiri utoto wangu ulikuwa wa kulia tu. Sivyo. Ulikuwa mtamu, na msimu ule wa maji ndio uliokuwa mtamu kuliko yote. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Kwetu ni Mella. Barabara ya udongo ilishuka kutoka kwetu, ikakata kijito, ikapanda upande wa Molo, na vitu vyote vya maana vilikuwa upande huo: shule, kinu cha kusagia, soko la Jumamosi. Kwenye kijito palikuwa na kivuko cha mawe, na maji yalikuwa ya kulowesha vifundo tu. Ikaja mvua ya mwaka ule Uganda ilipokuwa inangojea uhuru wake. Ilinyesha hata kuku wakasahau kushuka kwenye kichanja. Siku moja tulipoamka, mawe hayakuwepo, barabara haikuwepo, ni maji mekundu tu yanakwenda kasi, na katikati mti mzima unaelea na mizizi yake.

Chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, alikuja na nyapara wa barabara. Wakalaza mti kukatiza njia, pipa huku na pipa kule, na nyapara akatangaza kwamba mtu asivuke, barabara imefungwa wiki mbili. Sisi watoto tulishangilia. Wiki mbili bila fimbo, bila kufagia uwanja! Nyanya yangu alitutazama tunavyorukaruka, akauliza kama shule ndiyo iliyokuwa inatutia njaa. Tulikuwa tumekwisha kukimbilia majini.

Kambare walipanda barabarani. Nakuambia ukweli, pale basi lilipokuwa linapita, kambare alikuwa anateleza kwa tumbo kwenye alama za matairi, na sisi tunamfunika kwa kikapu. Kinu kilikuwa ng'ambo, basi akina mama walitoa mawe ya kusagia ya zamani, wakayaosha, na kijiji kizima kikaanza tena kunguruma alfajiri, kru, kru, kru. Mimi nililala nikisikia nyanya anasaga na kujiimbia polepole. Ugali wa wimbi wa jiwe ulikuwa na mchanga kidogo, lakini ukiuchovya kwenye simsim, yaani ufuta, iliyosagwa na kambare wa moshi, mchanga unauhesabu kuwa ni chumvi. Mvua ilipopumzika, kumbikumbi walitoka, tukawakaanga bila mafuta, maana wao wenyewe ni mafuta.

Aliyeteseka ni jirani yetu mmoja tu. Huyu alikuwa na mrija wake mrefu wa kunywea malwa, pombe ile ya wimbi ambayo wazee huizunguka, chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Aliulinda kwenye ala ya ngozi kama mtu anavyolinda mkuki. Chungu chake, pamoja na kiti chake na wenzake, vilikuwa ng'ambo. Alikaa ukingoni siku tatu, ameshika mrija, anawatazama wenzake wakinywa. Walimtania kutoka kule, wakimwambia auongeze huo mrija kidogo, utafika.

Siku ya nne akapata akili. Malwa, kama hujui, hutengenezwa kuwa machicha makavu kwanza. Unayatia kwenye chungu, ndipo unamimina maji ya moto. Machicha hayahitaji daraja. Jirani akasuka kamba ya katani, akaifunga jiwe, akairusha mara ishirini mpaka ikashikwa ng'ambo. Wakaifunga kwenye miti miwili, wakatundika kikapu chenye kamba za kuvuta huku na huku. Jioni ile machicha yalivuka hewani. Yeye akachemsha maji yake huku, wao wakachemsha yao kule, wakanywa pamoja vyungu viwili, maji ya mto katikati, wakipigiana kelele za salamu kama watu wa harusi.

Mwalimu aliliona jambo hilo. Kesho yake akaja na ubao, umebebwa na wavulana wawili wa darasa la nne, akauegemeza kwenye kichuguu na kuandika herufi kubwa kama mlango. Kama machicha yanavuka, alisema, madaftari nayo yatavuka. Akatuamuru tukae. Tulifundishwa asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kuchukua sauti. Yeye anaita, sisi tunaitikia. Anaandika, sisi tunaandika matopeni. Zoezi tuliliandika kwenye madaftari, yanaingia kikapuni, jirani anavuta, yanasahihishwa ng'ambo, yanarudi.

Shule ya namna hiyo sijaiona tena. Akina mama waliokuja kuteka maji walitua mitungi wakasikiliza. Nyanya, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alihamishia kazi yake ya kubambua karanga pale pale ukingoni. Siku moja mwalimu aliuliza saba mara nane. Sisi tukaanza kuhesabu vidole vya miguu. Jirani akajibu akiwa kwenye kamba yake: "Hamsini na sita, Mwalimu. Na ukiwangoja hawa, tutazeeka hapa."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubao usianguke.

Daftari langu liliwahi kusafiri kikapu kimoja na machicha. Likarudi na nane kati ya kumi, kwa wino mwekundu, na harufu ya kilabu. Nyanya alilinusa jalada hadi jalada. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizi nane ni za hesabu au ni mirija uliyonyonya?" Lakini usiku ule aliniambia nichore jina langu kwenye unga uliobaki juu ya jiwe, akalitazama sana, kisha akaomba nichore na lake. Aliligusa kwa kidole pembenipembeni asiliharibu. Akaniambia nitakuwa mwalimu. Hakusema huenda, alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumapili.

Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitatu. Mvua ilikatika, lakini maji yalikuwa yamechimba pale kivukoni shimo la kumzamisha mtu mzima, na mafunjo yakaanza kumea pembeni. Kuzunguka kwa daraja la barabara kubwa ni mwendo wa kutwa. Basi lori likaleta kalvati tatu, yale mabomba makubwa ya saruji, likaziweka nyasini upande wetu. Chifu akaamuru kila nyumba ilete mawe. Tulileta. Nilibeba mawe kichwani Jumamosi nne, shingo ikiniuma, na nilikuwa nafurahi, kwa sababu nilijua kila jiwe linanivusha. Nyanya alitoa hata moja la mawe yake ya kusagia.

Asubuhi moja tulikuta nyasi zimelala chini, njano, mahali kalvati zilipokuwa. Mawe nayo yamekwenda. Jirani alimwona nyapara mwenyewe akisimamia upakiaji, lori likapanda kuelekea kwa chifu. Na kweli, ukienda kwa chifu utaziona mpaka sasa: ziko chini ya njia ya kuingilia nyumbani kwake, juu ya mfereji ambao hata maji ya kunywa kuku hayajawahi kupita. Mawe yetu ndiyo baraza yake. Wazee walipokwenda kuuliza, nyapara aliwaambia, "Nyinyi nyote hapana jua kazi ya serikali." Wakarudi nyumbani. Mwezi uliofuata ndipo mwalimu alipokuja bila ubao.

Wiki iliyopita nilipita pale nikienda matangani. Siku hizi nauza muhogo mkavu Busia, na vijana wa boda wanajua njia zote, lakini huyu aliyenipakia hakujua kwamba pale palikuwa barabara. Ni mafunjo matupu, na ndege wanapiga kelele ndani yake. Hakuna kamba, hakuna kichuguu, na sauti za mawe ya kusagia alfajiri zimekwenda pamoja na wanawake waliozijua. Nilisimama nikacheka peke yangu, nikikumbuka vyungu viwili na maji katikati. Kijana wa boda akaniuliza, mama, unacheka nini? Nikamwonyesha kwa kidole mahali kamba ilipokuwa.

Nyanya alikufa akiniita mwalimu. Sikumrekebisha.

Chifu amekufa. Lakini wewe nyapara uko hai, una duka Tororo, watu wanakuamkia mzee. Mimi nakuuliza mbele ya wote watakaosoma haya: nani alikuambia upakie zile kalvati? Kama ni chifu aliyekutuma, sema ni chifu. Hawezi tena kukufukuza kazi. Kama ni wewe uliyempelekea ili akupende, sema ni wewe. Watoto tulikuwa kumi na mmoja. Tumebaki tisa, na wote tunajua duka lako liko wapi. Tujibu.